Uji wa Mama Mkwe

Katika ugonjwa wangu wa sukari, hakuna kilichonichosha kama huruma ya watu. Sindano niliizoea. Hata kuchemsha mkojo wangu asubuhi kwenye kichupa cha dawa ya buluu, nione kama sukari imepanda, nilizoea, ingawa majirani walitangaza kuwa mwalimu anapika mkojo. Lakini kila niliyekutana naye nikitoka shuleni alisimama, akanipima kwa macho, kisha akasema, "Mwalimu, umekwisha!" Kama kwamba mimi nilikuwa sijui. Mkanda wangu nilikuwa nimeutoboa matundu mapya matatu kwa msumari.

Enzi hizo za Mwingereza nilikuwa nafundisha karibu na Newala. Mimi ni mzaliwa wa Lukuledi, ila nilihamia kwao mke wangu, maana kwa desturi yetu mwanamume ndiye anayekwenda kukaa ukweni. Na mkwe akikonda, aibu ni ya nyumba iliyompokea. Baada ya mavuno mjomba wangu, ambaye kwa ukoo wetu ndiye mwenye neno juu yangu, alikuja kunitazama. Alitoa hukumu mbele ya wakwe zangu, mimi nikiwa pale pale.

"Nitarudi korosho zikianza kuanguka. Nikikuta mifupa hii hii, namrudisha kwetu, na ndoa imekwisha."

Mke wangu alilia. Mimi nilipandwa na hasira, lakini mbele ya mjomba nilifanya nini? Niliitikia, "Ndiyo, mjomba."

Basi mama mkwe akaingia vitani, na silaha yake ilikuwa uji. Uji wa mtama, mzito, mtamu wa kuumiza meno. Mimi na yeye hatukutazamana usoni, wala sikuruhusiwa kula mbele yake, kwa hiyo uji uliletwa na mke wangu. Nilipokataa, nilisikia sauti ng'ambo ya ukuta: "Mwambie mumeo, mgonjwa haulizwi uji."

Kumrudishia mama mkwe chakula ni tusi, kwa hiyo nilikunywa. Nikinywa uji, kiu inanishika; kiu ikinishika, namaliza mtungi. Na maji ya mtungi ule, kabla mabomba hayajafika kwetu huku juu, yalichotwa bondeni na kupandishwa mlima kichwani mwa nani? Mwa mama mkwe huyo huyo na binti yake. Maji yote nilikwenda kuyamwaga chooni, na nyama za mwili wangu zikaenda nayo. Nikazidi kukonda. Yeye akazidisha sukari.

Nilipoteremka hospitali ya misheni kuchukua dawa, sista aliyenipima alinigombeza mimi, si mwenye uji. Alisema sukari haimnenepeshi mtu wa namna yangu. Insulini isipotosha, chakula kinapita tu. Akaniongezea kipimo cha sindano, akaniamuru nile zaidi, tena kwa saa zake: ugali na mbaazi, karanga, korosho, samaki, mayai nikiyapata. Sukari iwekwe akiba kwa siku sindano itakapoishusha mno ile ya mwilini, nitetemeke na kutoka jasho.

Haya, kamweleze mtu mambo hayo kupitia ukuta! Mke wangu alieleza siku tatu. "Mmenikataza sukari, kisha mnaniambia sukari ni dawa," mama yake alisema. "Nani hapa ana akili timamu?" Kwa kweli hata mimi nilichoka kuyasikia.

Kilichomshinda ni mtungi. Kwa shingo upande aliusimamisha uji wiki mbili, kwa kujaribu tu, na kila jioni maji yalibaki. Alichungulia ndani, akauliza kama mumewe binti yake kaapa kutokunywa maji. Hakusubiri jibu. Kesho yake zikaja korosho za msimu uliopita, zilizobanguliwa kwa mkono wake, na vidole vyake, mke wangu aliniambia, vilikuwa vimebabuka kwa mafuta ya maganda. Toka hapo sikuzikosa.

Nilianza kuongezeka, lakini kidogo kidogo tu. Ratili mbili, kisha kimya mwezi mzima, kisha ratili moja. Kukonda kulinijia mbio. Kunenepa kulitambaa kwa magoti.

Mjomba akatimiza ahadi yake: korosho za kwanza zilipoanguka, alirudi. Mchana ule nilijidunga sindano nilipoona ugali unaepuliwa, kama sista alivyonifundisha. Lakini mjomba alikuwa hajamaliza maneno, na mgeni hapakuliwi chakula akiwa bado anasema. Akaanza kuuhesabu ukoo wetu tangu mababu. Nikatoka jasho. Mikono ikatetemeka, ulimi ukawa mzito. Ningesema neno moja tu, chakula, lakini nani amkatize mjomba? Heshima yangu hiyo ya kijinga ilikaribia kuniua.

"Mnaona?" mjomba akasema. "Anakufa huyu. Fungeni mzigo wake."

Mama mkwe alitokea jikoni na bakuli la maji ya sukari. Akapiga magoti, akanishika kisogo, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. "Kunywa, baba." Nikanywa, mbele yake, mbele ya watu wote.

Hakuondoka. Alingoja mpaka mikono yangu ikatulia, akamgeukia mjomba.

"Mimi najua lini apewe na lini anyimwe. Huko kwenu, nani anajua?"

Mjomba akaamuru mzigo uachwe. Kisha akaomba maji ya kunawa.