Winfred na Dirisha Lisilomwachia

Winfred wa Kyumbi hajawahi kuiona kompyuta yake. Aliinunua miaka miwili baada ya macho yake kuzima, kwa hiyo anaijua kwa vidole na kwa sauti inayomsomea kila anachoandika. Anaishi kwa kakake Urbanus, chumba cha nyuma, na kazi yake ni kuandika maisha ya wazee. Mzee anakuja, anakaa, anasema, naye Winfred anaandika papo hapo, vile wengine wanasuka kiondo huku wakiongea.

Ngoja nikueleze hiyo programu anayoandikia, maana ndiyo iliyomfunga. Skrini yake ameigawa madirisha. La juu ni la kuandikia. La kati ni la majina na tarehe. Chini kabisa kuna kamstari kembamba ambako mashine huuliza maswali yake. Mimi na wewe tukitaka kujua tuko dirisha gani, tunatupa jicho tu. Winfred hana jicho la kutupa. Herufi zinaenda kishale kilipo, na kishale kikihama bila yeye kujua, anaandika gizani.

Na kilikuwa kinahama, kwa sababu ya Linet.

Linet ni mke wa Urbanus, na ni mtu wa kitambaa. Kila asubuhi akishakamua ng'ombe anaingia na kitambaa chake chenye maji, anapangusa meza, anapangusa kompyuta, anapangusa na kipanya. Hapo ndipo kidole kinabonyeza, kishale kinaruka. Mwezi wa tatu Winfred aliandika harusi nzima ya bibi mmoja ndani ya orodha ya tarehe, ikabidi aichambue kama mchele wenye mawe.

"Nimekupangusia, Wini!"

"Asante, Linet."

Utamwambiaje "usiguse" mtu anayekupikia na kukufulia blanketi? Winfred hakuweza. Tangu aanguke kwenye mtaro, hata kufika barabarani peke yake Urbanus alikataza, na kwa hilo pia alisema asante.

Basi akanyamaza, akaandika amri. Programu hiyo inamruhusu mwenyewe kuitungia sheria zake, na Winfred alijifunza kufanya hivyo kidogo kidogo, akikosea na kurudia. Sheria yake ilikuwa fupi: kishale kikitoka dirisha la juu, kirudishwe mara moja. Aliijaribu asubuhi moja kwa kutikisa na kubonyeza kipanya. Mara tatu alitikisa, mara tatu kikarudi. Akafurahi sana.

Saa tatu akafika Mzee Muthoka, mchongaji kutoka Wamunyu.

"Hiyo simu ya kunasa sauti weka mbali, mwiitu," alisema akikaa. Mwiitu ni binti. "Mimi maneno yangu nasema mara moja. Nikirudia, nitaanza kudanganya."

Akasema. Alisimulia babake alivyomfundisha kushika tezo, halafu akafika mahali ambapo hakuwa amewahi kufika mbele ya mtu. Ndugu yake mdogo, aliyechonga kwa mkono wa kushoto, aliondoka kwenda Mombasa na gunia la twiga wa mbao, asirudi. Nyumbani aliacha twiga mmoja ambaye hakuwa amemchongea masikio. Mzee alikuwa naye mpaka leo. "Sijamwekea," alisema. "Ni kazi ya mwenyewe." Akanywa chai, akaaga, akaenda.

Stima ilikuwa imepotea tangu saa nne. Winfred akabonyeza vitufe vya kuhifadhi. Ukurasa ulikuwa mpya, bila jina, kwa hiyo mashine ikauliza kule chini: uitwe nani? Akaandika muthoka, akabonyeza. Sauti ikamsomea: "Ni kazi ya mwenyewe muthoka."

Akaganda.

Jina lilikuwa limeingia ndani ya maneno ya mzee. Sheria yake ilikuwa imemnyakua kutoka kamstari ka swali na kumrudisha juu. Akajaribu kuhifadhi tena. Mashine ikakataa: swali la kwanza halijajibiwa, siwezi kuuliza la pili. Akabonyeza kitufe cha kukatiza; ikasema imekatiza, na swali likabaki pale pale. Akitaka kuipa mashine amri yoyote kwa jina, jina hilo huandikwa kule kule chini, mahali asipoweza kukaa hata nusu sekunde. Kila mlango aliogusa ulimrudisha kwenye kiti kile kile.

"Asilimia kumi na moja," mashine ikamwambia habari ya betri. Ikizima, twiga na ndugu na gunia, vyote vimeenda.

"Linet! Linet, njoo!"

Linet alikuja mbio, mikono imejaa unga. "Umeanguka?"

"Niangalilie chini ya skrini. Kuna swali?"

"Liko. Wacha nilibonyeze na hii kitu." Akabonyeza. "Ai! Inaruka juu. Nabonyeza, inaruka. Nani ameiambia ikae inarudi?"

"Mimi."

"Wewe? Kwa nini?"

Asilimia tisa. Winfred akamgeukia. "Kwa sababu ya kitambaa chako. Ukipangusa kipanya, unanihamisha bila mimi kujua. Nikaifunga."

Winfred alimsikia Linet akipukuta unga viganjani.

"Miezi yote hiyo unaniambia asante," Linet akasema, "kumbe unanitafutia kufuli? Si ungeniambia hapa hapa tulipo?"

Hapa hapa. Vidole vya Winfred vikarudi kwenye vitufe. Kwa nini ahangaike kutoka? Programu hii inasoma amri popote ilipoandikwa, hata katikati ya hadithi ya mzee, mradi uiambie itekeleze kwa vitufe. Chini ya maneno ya Muthoka akaandika mstari mmoja wa lugha ya mashine: ondoa ile sheria. Alikosea mabano, akarudia. Akatekeleza. Akaufuta mstari ule, akafuta na jina lililojipenyeza.

"Linet, bonyeza chini sasa."

"Nimebonyeza. Imekaa! Haijaruka!"

Akaandika muthoka. Sauti ikasema ukurasa umehifadhiwa. Asilimia tano.

Winfred akafuta jasho kwa kiganja. "Linet."

"Mm."

"Meza pangusa. Kipanya usiguse."

"Sawa." Linet akavuta kiti. "Kuniambia ni deni lako, ujue. Na mengine pia kama yapo."

"Yapo. Nataka kutembea mpaka barabarani peke yangu."

"Hiyo tutamwambia Urbanus tukiwa wawili. Kwanza nisomee hicho kilichofanya niache unga wangu."

Winfred akairuhusu mashine isome. Ilifika kwenye gunia la twiga, ikanyamaza katikati ya neno. Betri imekwisha.

"Maneno ya mzee yamo ndani?" Linet akauliza.

"Yamo ndani."

"Basi mimi niambie kwa mdomo. Huyo ndugu alirudi?"