Vilima Vitatu Bado

Kwetu ukimuuliza mtu kama unakokwenda ni mbali, atakuambia ni hapo tu. Hata kama ni mwendo wa kutwa, hapo tu. Atanyanyua kidevu kidogo, atakuelekeza kwa midomo upande wa mlima, nawe utaondoka umeridhika. Msituelewe vibaya, hatukusudii uongo. Ni adabu. Mgeni kachoka, ana mzigo kichwani, utamwambiaje maneno ya kumvunja moyo? Unampa neno la kumfikisha kwenye kona inayofuata, na kwenye kona atamkuta mwingine, naye atamwambia hapo tu. Nimekua nikidhani dunia nzima inasafiri hivyo.

Baba yangu alikuwa akipeleka wageni msituni. Tulikaa juu ya Lukozi, nyumba ya mwisho kabla ya miti kuanza. Enzi za Mwingereza alikuwa kibarua wa misitu, anafyeka njia za kuzuia moto, kwa hiyo njia zote za mle ndani alikuwa nazo miguuni. Baada ya Uhuru wakaanza kuja watu wa kutembea tu: walimu wa Tanga waliokimbia joto wakati wa likizo, manesi, makarani wa wilayani, mara mojamoja Mzungu na darubini yake ya kutazama ndege. Bwana misitu akamwita baba akamwambia, "Mzee, hawa wakiingia wenyewe watapotea, halafu watatuchomea msitu. Wapeleke wewe." Ikawa kazi yake, na aliipenda kuliko shamba.

Alikuwa na masharti. Hakuna kuvunja tawi. Hakuna kumrushia mbega ndizi. Kinyonga atazamwe pale pale alipo, asibebwe kwenda kuonyeshwa watoto mjini. Moto wa chai unawashwa mahali pamoja tu, penye mwamba, na aliyeuwasha ndiye atakayeuzima kwa mikono yake mwenyewe. Karatasi ya biskuti inarudi mfukoni ilikotoka. Siku moja mkubwa fulani wa ofisi alitupa yake njiani. Baba alisimama, mikono nyuma, akamtazama mpaka yule bwana akainama na kitambi chake akaiokota. Nilicheka peke yangu kule nyuma.

Nilikuwa nyuma kwa sababu kazi yangu ilikuwa kutembea wa mwisho. Nilibeba birika na viazi vya kuchemsha, nikihakikisha hakuna anayebaki. Msidhani nilikuwa mtoto. Nilikuwa nimeolewa Vuga, nikazaa, nikamzika mwanangu kabla hajaota meno, na ndoa nayo ikafia hapo hapo. Nikarudi kwetu na kapu moja. Tangu siku hizo nilikuwa nimekufa ganzi. Sisemi nilikuwa na huzuni. Huzuni ukiwa nayo unajua unayo. Mimi nilikuwa nakula sisikii chumvi, naamkiwa naitikia, nafua, napanda maharage, na hakuna hata kimoja kilichonigusa. Wanawake wa kanisani walikuja wakanishika mikono. Pole, mwanetu, yatapita, ni muda mfupi tu. Hapo tu, kwa maneno mengine. Niliwaitikia asanteni, nikawapikia chai.

Ndipo akaja mama mwalimu.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa Tanga, kafuatana na walimu vijana aliowahi kuwafundisha. Alivaa viatu vya raba alivyoazima kwa mjukuu wake na kanga mbili, moja kichwani. Alikuwa mkubwa kuliko baba, baba akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyezoea darasa zima kusimama akiingia. "Nimefundisha jiografia maisha yangu yote," akatuambia. "Milima hii nimewachorea watoto kwa chaki mpaka mkono ukachoka, na sijawahi kukanyaga hata mmoja. Leo nataka kusimama ukingoni niitazame mbuga ya Mkomazi kwa chini, basi. Nikitoka hapo mnaweza kunizika." Walimu wakacheka. Baba akacheka pia.

Kilima cha kwanza alipanda akituuliza majina ya miti. Mkulo, mtarakwa, akiyarudia ulimini kana kwamba kesho anayasahihisha. Kilima cha pili alinyamaza. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikiona visigino vyake vinavyokanyaga, na vilikuwa havikanyagi vizuri. Akasimama, akashika shina la mti, midomo imekauka. Nikapita mbele mpaka kwa baba, nikamwambia, "Baba, yule mama kachoka."

Baba akarudi chini. Mama mwalimu alikuwa amekaa kwenye mzizi, anajipepea na ncha ya kanga.

"Baba yangu," akamwambia, "niambie kweli. Bado mbali?"

"Hapo tu, mama," baba akasema. "Tumeshafika."

Vilikuwa vimebaki vilima vitatu.

"Haya," akasema yule mama, akanyoosha mkono ainuliwe. "Maana ingekuwa mbali, ningewasubiri hapa na huyu binti yako, tukanywa chai yetu. Lakini kama ni hapo tu, nirudi nikawaambieje watu wa Tanga?"

Baba alimsikia. Mimi pia nilimsikia. Baba akamwinua kwa heshima zote, akampa muda wa kupumua, akamtangulia polepole, na kila kona akimgeukia: hapo tu, mama, hapo tu. Alimtakia mema kwa njia pekee aliyoijua.

Katikati ya kilima kilichofuata mama mwalimu akaketi bila kuambiwa, akaegemea ukingo wa njia kwenye majani, na akawa hayupo. Ilikwenda haraka na kimya. Walimu walipiga kelele, mmoja akawa anampepea, mwingine anakimbia kushuka, hajui anakimbilia wapi. Nilivua kitambaa changu nikamfunga kidevu, kama nilivyoonyeshwa Vuga. Nikamvua vile viatu vya raba nikaviweka pamoja. Nilikuwa nangoja nisikie kitu. Sikusikia kitu. Nikafikiri, jamani, kwani mimi nimekuwa jiwe?

Baba alisimama akitazama juu njiani, kule alikosema ni hapo tu.

Mwanawe mama mwalimu alikuja kutoka Tanga kumchukua. Kijana mpole, shati lake limekunjamana kwa safari. Alikaa barazani kwetu na balozi wetu wa nyumba kumi akiwa pembeni, akakataa chai kwa adabu.

"Mzee," akamwuliza baba, "mama aliuliza kama ni mbali?"

"Aliuliza."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia hapo tu."

"Na ilikuwa wapi?"

"Vilima vitatu."

Balozi akaingilia, akaanza kueleza kwamba ni desturi, kila mtu husema hivyo, mgeni hakatishwi tamaa. Yule kijana akatikisa kichwa kama anayeelewa. Huenda alielewa kweli. Aliinama akachukua viatu vya raba vya mtoto wake, akaagana na kila mmoja kwa mkono, na baba naye. Afadhali angemtukana. Ningekuwa mimi ningemtukana.

Bwana misitu alikuja siku zilizofuata akafunga njia. Baba hakubisha. Lakini kila asubuhi, kabla sijawasha moto, aliingia msituni peke yake na fimbo, akarudi jua likiwa limepanda. Nilidhani anaomba. Kumbe alikuwa anaipima njia upya kwa miguu ya mtu mzee: anapanda, anajifanya amechoka, anakaa, anaangalia kilichobaki. Jirani aliyekuwa akikata nyasi alimkuta amekaa kwenye ule mzizi akijibishana mwenyewe kwa sauti.

Jioni moja tukipukuchua mahindi akaniuliza, "Wewe hali yako?"

"Nzuri, baba."

"Nakuuliza."

Nikaendelea kupukuchua. Kisha nikamwambia, "Sisikii kitu, baba. Tangu mtoto. Hata yule mama alipokufa mikononi mwangu, sikusikia kitu."

Nikangoja aniambie yatapita. Alitupa gunzi, akachukua lingine, akalizungusha mkononi.

"Bado sana," akasema. "Vilima vitatu, pengine zaidi. Na njia ya huko siijui mimi."

Sikulia. Lakini niliamini. Tangu nirudi kutoka Vuga huyo ndiye mtu wa kwanza niliyemwamini, na usiku huo nililala.

Njia ilipofunguliwa tena, bwana misitu alikuja na onyo: mgeni mwingine akidhurika, njia inafungwa moja kwa moja na baba hatakanyaga tena mle na wageni. Baba akasema amesikia. Aliitaka ile kazi kama mtu anavyotaka kuomba radhi na kusamehewa kwa pamoja. Na hapo ndipo vichekesho vilipoanza, maana baba hakuweza tena kusema hapo tu. Ulimi ulikataa. Mgeni akiuliza chini kabisa ya kilima cha kwanza, baba alisimama, akamkabili, akamwambia yote: "Vilima vitano. Hiki ndicho rahisi. Cha nne kina utelezi na huna pa kushika. Ukiona inatosha, sema hapa panatosha, tutakaa hapo tutazame. Msitu ni huu huu."

Wageni wakageuka nyuma, mmoja mmoja, halafu makundi mazima. Kijijini wakamwita Mzee Bado. Ukimpita njiani, "Mzee Bado, shikamoo, tutafika?" Watoto walimwimbia. Wakati huo ndio tuko kwenye vijiji vya ujamaa, mikutano kila wiki, na mwenyekiti akasimama mbele ya watu akasema, "Ndugu mzee, taifa linajengwa kwa kutiana moyo. Wewe unawakatisha wananchi tamaa kuanzia asubuhi." Watu wakaangua kicheko. Baba akasimama akavua kofia. "Ndugu mwenyekiti, mimi namwambia mtu urefu wa njia. Moyo aje nao mwenyewe." Akaketi. Bwana misitu naye akaanza kulalamika: mwongozaji gani huyu asiyefikisha mtu? Akasema akiona msimu mwingine umepita hivyo, atatafuta kijana.

Kilichomwokoa ni nesi mmoja mnene wa zahanati, mcheshi, mwenye magoti mabovu. Baba akamsomea vilima vyote vitano. Yule nesi akashika kiuno. "Kumbe! Basi mimi leo nitakwenda viwili." Kilima cha pili akasema hapa panatosha, tukakaa, tukanywa chai, mbega wakaruka juu yetu na manyoya yao meupe. Akarudi wiki iliyofuata na fimbo, akaenda vitatu. Halafu vinne. Siku aliyosimama ukingoni, Mkomazi imetandaa kule chini, kavu na pana, alikaa chini akavua viatu akalia kwa furaha mpaka baba akageuka pembeni. Alipotelemka aliwasimulia watu wote waliofika zahanati na kikohozi, na wageni wakarudi, wale wanaotaka kuambiwa. Baba hakufukuzwa. Hakuna aliyedhurika tena mikononi mwake, na mimi nilibaki nyuma na birika langu miaka yote hiyo.

Ganzi yangu haikuondoka. Ilipungua upande mmoja ikabaki upande mwingine, nikaizoea kama mtu aliyezoea goti baya.

Baba alipougua kifua hakutaka kuondoka nyumbani, na alipokubali ilikuwa mvua imeikata barabara ya huku juu. Gari lilikuwa Lukozi. Vijana wanne wakatengeneza machela kwa miti miwili na blanketi, wakambeba. Nilitembea nyuma, mazoea. Alikuwa mwepesi, lakini njia ilikuwa tope, na kila walipoteleza alitoa mlio mdogo.

"Bado mbali?" akauliza.

"Hapo tu, mzee," vijana wakamjibu kwa pamoja. "Tumeshafika, jikaze." Vijana wema kabisa. Walikuwa wamelowa mpaka mgongoni.

Baba akazungusha kichwa kwenye blanketi, akanitafuta kule nyuma. Nikasogea. Akanitazama, hakuniuliza tena, alingoja tu. Na mimi, Mungu ananiona, nilitaka kumwambia hapo tu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nililitaka kwa ajili yangu, siyo yake.

"Vilima viwili, baba," nikasema. "Cha pili ndicho kibaya."

Vijana wakanikazia macho. Mmoja akaguna, dada vipi wewe? Lakini uso wa baba ulilegea, kama mtu aliyefunguliwa mkanda.

"Waambie wanishushe," akasema.

Wakamshusha pembeni penye majani. Nikakaa, nikamweka kichwa kwenye mapaja yangu aweze kuuona msitu kule juu tulikotoka. Ukungu ulikuwa unaingia kwenye mikulo. Aliutazama muda mrefu, akihema kwa shida.

"Hapa panatosha," akasema.

Vijana hawakuelewa. Walisubiri kidogo, wakafuta jasho, mmoja akainama kushika miti ya machela akasema, "Dada, tuondoke, gari litatuacha." Nikawaambia wakae. Nikavua kitambaa changu nikamfunga baba kidevu. Ndipo nilipoanza kulia, kwa sauti, mdomo wazi, nikimlilia baba, na mama mwalimu, na mwanangu wa Vuga, wote watatu kwa pamoja, na vijana wale wanne wakasimama kwenye tope hawajui wafanye nini.

"Pole, dada," mmoja wao akasema. "Yatapita."

"Bado," nikamwambia.