Papai la Salima

Uji wa muhogo ukichacha una harufu yake, kali, inayopanda puani na kukaa huko. Wengine wakiisikia wanamwaga na kusugua sufuria. Mimi husimama pale pale jikoni kwangu, mtaani Mikelenge, na moyo unaanza kuniuma kwa wivu wa zamani. Msinicheke. Mkinisikiliza mtaona kwamba wivu wenyewe ulikuwa na sababu, au nilidhani unayo.

Miaka ya vita mji wetu wa Kindu ulikuwa umefungwa. Treni haikuja, mashua zilipungua mtoni, na aliyekwenda shambani hakuwa na hakika ya kurudi. Babu yangu, aliyezoea kuandika vibao vya maduka, hakuwa tena na duka la kuandikia. Mimi nilikuwa mjukuu pekee aliyeishi naye. Ili nisizurure barabarani kwenye askari, akanikalisha barazani akanifundisha kuchora.

Rangi tulitengeneza wenyewe: masizi ya chungu, udongo mwekundu wa njiani, udongo mweupe wa kando ya mto, manjano ya bibi, majani ya muhogo yaliyopondwa. Vyote tulivikoroga na uji wa muhogo ili vishike kwenye vipande vya maboksi. Uji ule ulichacha upesi, na mende waliupenda sana. Picha nyingi za utoto wangu ziliishia matumboni mwao, na baadhi yake, kusema kweli, hazikustahili mahali bora zaidi.

Hatukuchora watu wala nyumba. Tulichora chakula cha jioni kabla hakijaingia chunguni. Babu alikipanga juu ya meza: papai, ndizi mbichi, samaki mkavu, birika la kuipa picha kimo. Watu husema hivyo ni vitu vilivyotulia. Mimi sijaona vitu vyenye fujo kama vile. Jua linasogea na kivuli kinahama nalo. Inzi anatua juu ya samaki, unajiuliza umfukuze au umchore. Na ukiwa na njaa, jaribu wewe kulitazama papai muda mrefu ukifikiria rangi tu. Halafu bibi anatokea mlangoni na kisu mkononi.

"Muzee, moto iko tayari. Muniletee samaki yangu."

Samaki anakwenda zake, na mkia wake hujaugusa bado.

Lakini ilikuwepo raha, nayo ndiyo iliyonifunga mpaka leo. Unaweka doa jeusi chini ya papai, doa dogo tu, na ghafla papai linakaa. Lilikuwa limelala kama chapati, sasa lina tumbo na mgongo, unaweza kulizunguka. Siku ya kwanza iliponitokea, nililisahau kabisa lile tumbo langu mwenyewe.

Babu hakuwa mtu wa sifa. Alisimama nyuma yangu, akavuta pumzi puani, nami nikajua mvua inakuja. "Aziza, umechora jina ya papai. Papai yenyewe iko wapi?" Au, "Hii birika umeitazama? Hapana. Umeikumbuka tu. Futa." Nilifuta kwa kitambaa chenye maji, nikaanza upya, huku nikinung'unika kimoyomoyo maneno ambayo siwezi kuwaandikia hapa.

Ndipo akaja Salima. Alikuwa wa rika langu, kutoka Lokandu, mjukuu wa rafiki wa babu. Mama yake alimtanguliza kwetu kwa mtumbwi wa jamaa yao, mwenyewe akabaki nyuma kumwuguza mama yake mzee. Alituma neno kwamba atafuata. Babu akamkaribisha Salima kama nyumbani kwake, "Hapa njo kwako, mupaka mama atakuja kukuchukua."

Siku kuku alipochinjwa, na siku za namna hiyo zilikuwa chache mno, firigisi aliwekewa Salima. Hilo nililivumilia, mgeni ni mgeni. Lakini firigisi lilikuwa mwanzo tu. Alipewa kiti chenye kivuli. Alipewa brashi ya kweli, yenye nywele, iliyobaki kutoka enzi za vibao, na mimi nikabaki na kijiti nilichokitafuna ncha. Na alipochora, babu aliinama, akatazama, akasema kwa sauti ambayo mimi sikuwahi kuisikia ikielekezwa kwangu, "Iko muzuri, mwanangu. Muzuri sana."

Wivu uliniwasha kama upupu. Ubaya zaidi ni kwamba msichana yule alijua kuchora. Mkono wake ulikuwa mwepesi, ndizi zake ungetaka kuzimenya. Kama angekuwa hajui ningemsamehe. Tena siku zilipita, akaanza kuharibu, na babu bado akamsifu. Jua liko mkono wa kulia, naye anaweka kivuli mkono huo huo wa kulia, kana kwamba Lokandu jua lao huwaka kivingine. Mimi kwa kosa la namna hiyo ningefuta mpaka boksi litoboke. Yeye aliambiwa, "Muzuri, mwanangu," na babu akaondoka polepole. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Niliingoja hiyo ya tatu mwezi baada ya mwezi.

Mchana mmoja alikuja mtu kutoka upande wa mtoni. Alikaa na babu ndani, mlango ukiwa umerudishwa, akanywa chai, akaenda. Siku hiyo meza ilipangwa kwa kuchelewa, papai tu na sahani. Tukachora. Salima akaweka tena kivuli chake upande wa jua. Babu akasimama nyuma yake, akavuta pumzi puani.

"Salima. Hii njo nini? Jua iko huku, na kivuli umeweka huku? Macho yako iko wapi? Futa. Anza tena."

Brashi ilibaki hewani. Salima alimtazama babu, machozi yakamtoka, akaanza kufuta. Bibi aliyekuwa mlangoni akarudi jikoni bila kuliulizia papai lake. Na mimi? Nilijaa furaha mpaka masikioni. Haki imetendeka, nilijiambia, na nikachora papai zuri kuliko yote niliyowahi kuchora. Kesho yake wakubwa walituita, wakatuambia kwamba mama yake Salima amefariki huko huko Lokandu. Nilimlilia pamoja na wengine, lakini mambo hayo mawili sikuyaunganisha. Kwangu moja lilikuwa la msiba, jingine la kivuli.

Salima alikulia kwetu. Siku hizi anaishi tena Lokandu, anauza samaki, na kila akifika Kindu analala kwangu. Kuchora aliacha zamani, na hilo pia linaniudhi, mtu kutupa hivi hivi kitu nilichokililia. Juzi alikuwa anazitazama picha zangu ukutani. Nikamtania, nikamwuliza kama bado jua lao linatupa kivuli upande mbaya.

"Nilikuwa nafanya mubaya kwa kusudi," akasema.

"Kwa nini?"

"Nilitaka babu anigombeze. Weye alikuwa anakugombeza kila siku. Miye nilikuwa nakuonea wivu."

Nilikaa chini. "Lakini siku alipokugombeza ulilia," nikamwambia. Alikuwa anafunga kitenge chake, hakunitazama.

"Nililia, ndiyo. Hawakuniambia bado, lakini nilijua mama hatakuja tena. Mugeni hawamugombezi, Aziza."

Ndipo nikamkumbuka yule mtu wa mtoni aliyekunywa chai na babu siku hiyo hiyo. Miezi ile yote nilihesabu sifa za babu kama mapenzi niliyonyang'anywa, kumbe ndivyo alivyokuwa akimngoja yule mama. Maadamu Salima alisifiwa, mama yake alikuwa bado yuko njiani. Jioni ile ya papai nililala nikiamini nimempata tena babu yangu peke yangu, na ndiyo jioni tulipoanza kuwa wajukuu wawili.