Mkono wa Kulia wa Mama

Mama alipata kiharusi akipepeta mchele uani, nyumbani kwetu Salale. Baba alinisimulia kwamba ungo ulimponyoka, akainama kuuokota, na mkono wa kulia ukakataa. Majirani walimtoa kwa boti, nami nikampokea hospitali Dar es Salaam, ninakofanya kazi. Baada ya muda alianza kutembea kwa kuchechemea, na maneno yakamrudia. Vidole vya mkono ule tu ndivyo vilivyobaki vimejikunja, kama vimefumbata kitu asichotaka kukiachia.

Kazi yangu ni kubuni vifaa vya tiba. Kabla mama hajaugua, mimi na wenzangu tulikuwa tumeshaanza kutengeneza glavu ya roboti kwa ajili ya waliopooza mkono. Ni glavu ya kitambaa, yenye nyuzi zinazopita juu ya kila kidole, na mota ndogo kwenye kigasha zinazovuta nyuzi hizo ili vidole vikunjuke. Watu huniuliza kama niliibuni kwa ajili ya mama. Hapana, ila yeye ndiye aliyeigeuza.

Alipopata nafuu alirudi nyumbani Salale, kama alivyotaka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo tuliyekuwa tukifanya naye kazi alimpima kabla hajaondoka, akaniruhusu nimpelekee glavu, akanionyesha mipaka ya kuitumia. Nikapanda basi hadi Kibiti, pikipiki hadi gatini, kisha boti kupitia mikokoni.

Nilimkuta baba jikoni. Baba yangu ni mkata boriti, na maisha yangu yote sikuwahi kumwona akishika mwiko. Sasa alikuwa anapika wali, huku mama akimwelekeza kutoka kwenye mkeka. Majirani walijitolea kuwaleta binti zao wasaidie. Baba aliwashukuru, akaendelea kupika. Kila baada ya sala ya alfajiri alipasha mafuta ya nazi, akaukanda mkono wa mama na kuvikunjua vidole, akianzia dole gumba. Mikono yake ni migumu kwa shoka, lakini mama alisema hakuna nesi aliyemshika kwa upole namna ile.

Nikamvisha mama glavu. Mota zikanguruma kidogo, vidole vikafunguka, vikajikunja, vikafunguka tena. Baba akamshukuru Mungu kwa sauti ya chini. Siku zilizofuata nilimwona mama akiongea na jirani, ameangalia kwingine kabisa, huku mkono ukifunguka na kujikunja pembeni yake. Mwishowe akaniambia nimvue glavu. Nikamuuliza kama inamuumiza, akasema haimuumizi.

“Mkono huu unauendesha wewe,” akasema. “Mimi nimekaa tu kama abiria. Nataka niuendeshe mwenyewe, nikishindwa ndipo unisaidie.”

Yule mtaalamu alikuwa ameshatuambia jambo hilo hilo, kwamba ubongo hujifunza pale mtu anapojaribu. Tulikuwa tumeliahirisha kwa sababu ni gumu kulitengeneza. Nilirudi Dar es Salaam na kuwaambia wenzangu kwamba haliahirishiki tena. Tukaweka kihisi kinachotambua kidole kikianza kujikongoja, na mota ikafundishwa kusubiri. Nyuzi za waya zilikuwa zimeshaanza kuota kutu kwa hewa ya chumvi, tukazibadilisha kwa mshipi wa kuvulia, ambao baba angeupata duka lolote la Salale. Betri tukaifanya ichajiwe kwa sola ya nyumbani.

Niliporudi na glavu mpya, mama aliketi barazani, akavaa, akakaza macho kwenye kidole cha shahada. Hakikutokea kitu. Jasho likamtoka usoni, akabana midomo, na mkono umetulia vile vile. Sikuweza kuvumilia. Nikanyoosha mkono kubonyeza kitufe cha kumsaidia, lakini baba akanishika.

“Mwache,” akasema.

Tukangoja. Kisha kidole kikatikisika, kidogo tu, mota ikakidaka na kukikunjua taratibu hadi kikanyooka. Mama akakitazama kwa muda mrefu.

“Huyo ni mimi,” akasema.

Baba aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akamuuliza mama kama anataka chai.

Mama alifanya mazoezi kila siku, miezi mingi. Kuna siku alichoka akalia, na kuna siku alikataa kuivaa. Baba hakumlazimisha. Aliiweka glavu karibu naye, akaendelea na shughuli zake, na jioni mama mwenyewe akaivuta.

Safari yangu ya mwisho niliwakuta wameketi uani na beseni la kamba wabichi kati yao. Mama alishika kamba kwa mkono wa kulia, bila glavu, akakata kichwa kwa mkono wa kushoto. Wengine walimponyoka wakaanguka, akawaokota. Mkono haujawa kama zamani. Hawezi kushona, na asubuhi za masika vidole huwa vizito. Baba alikuwa akimenya taratibu zaidi kuliko mama, na nikimjua alivyo, nadhani kwa makusudi. Nilitaka kuwapiga picha niwaonyeshe wenzangu wa karakana, lakini mama akaniambia nikanawe mikono nije kusaidia, maana kamba walikuwa bado wengi na jua lilikuwa limeshapanda.