Kushikiza si Kufunga

Mkata vioo wa mtaa ule alikuwa na jina alilopewa na wazazi wake, lakini jina hilo lilikaa bure, kwani watu walimwita Bwana Usiguse hata mbele ya mkewe. Lakabu hiyo alijitwika kwa ulimi wake mwenyewe. Yeyote aliyesimama karibu na gari lake aliambiwa kwanza "Usiguse," kisha ndipo akapewa salamu. Siku moja imamu, akingoja kukatiwa kioo cha dirisha, aliegemea mlango wa gari lile, naye akaambiwa, "Usiguse, sheikh." Imamu akaondoa kiwiko chake taratibu, akasema, "Astaghafiru! Kumbe kuna haramu nyingine sikuisoma." Waliokuwapo wakacheka hadi wakashika mbavu. Mwenye gari hakucheka. Alitoa kitambaa mfukoni, akapafuta mahali pale.

Lilikuwa gari la milango miwili, fupi la kimo, la rangi ya samawati iliyokolea. Alilinunua likiwa limekwisha kuzeeka, na kwa miaka kumi na mmoja akalirudisha ujanani kipande baada ya kipande. Alibadili springi, likashuka hata kikombe cha chai kisipite chini yake. Akabadili breki, kilachi na bomba la moshi. Mwisho akaifungua injini yote, akatia pistoni mpya, na juu yake akaweka tabo kubwa, ile feni inayoisukumia injini hewa kwa nguvu, hata gari likawa linakohoa kama simba aliyeamshwa kwa teke. Wakati huohuo dirisha la jiko la nyumba yake lilikuwa mwaka wa tatu halina kioo, bali limezibwa kwa boksi la sabuni. Mkewe alipolalamika, jirani alimjibu kwa niaba ya mumewe: "Shoga, wewe umeolewa na mkata vioo. Ungetaka kioo, ungeolewa na seremala."

Kazi yote ya gari ilifanywa na watu wawili, yeye na kaka yake. Huyu kaka ndiye aliyemlea mdogo wake baba yao alipofariki, akamsomesha, akamposea mke. Alikuwa fundi wa malori kwa miaka thelathini, na sasa, macho yakiwa yameanza kuingia ukungu, alitengeneza magari ya majirani chini ya paa la bati uani mwa mdogo wake. Watu walimwita Fundi Taratibu. Hakuwa na mali ila sanduku la spana alilorithi kwa baba yao, na sifa moja: katika umri wake wote, gari lililotoka mikononi mwake halikupata kurudi kwa kosa lake. Sifa hiyo ndiyo iliyomlisha.

Fundi Taratibu alikuwa na kanuni asizozivunja. Nati na boliti, alisema, kwanza hushikizwa kwa vidole, mpaka zikubali njia yake. Ndipo hufungwa kwa spana. "Kushikiza si kufunga," alimwambia mdogo wake tangu utotoni, "kama vile posa si ndoa." Na kwa kuwa mwanadamu husahau, ndugu hao waliwekeana desturi: aliye juu humwuliza aliye chini, "Umefunga?" naye aliye chini hujibu, "Nimefunga." Hata hivyo gari halikuteremshwa kwenye jeki mpaka wote wawili walale chini na kukagua kwa tochi.

Sasa, nje ya mji palikuwa na uwanja wa ndege usiotumika tena, na mara moja kwa mwezi wenye magari ya mbio waliruhusiwa kushindana humo, wawili wawili. Aliyetamba pale alikuwa daktari wa meno, mtu mnene mwenye ucheshi wa sumu, aliyemiliki gari jipya lisilowahi kufunguliwa hata boliti moja. Mara mbili alikuwa amemshinda Bwana Usiguse, na mara zote mbili hakumwacha aondoke na staha yake.

"Usihuzunike, ndugu yangu," alimwambia mara ya mwisho, mbele ya halaiki. "Mimi nang'oa kwa ganzi. Nyumbani ndiko utakakosikia maumivu."

Neno hilo lilimwingia mkata vioo kama kibanzi cha kioo, kisichoonekana na kisichotoka. Kwa miezi saba aliijenga injini upya kwa ajili ya siku moja tu, na siku hiyo ikawa Alhamisi ya mapumziko, uwanja ukiwa wazi hadi magharibi.

Alasiri ya siku hiyo ilibaki kazi moja, kubadili oili. Fundi Taratibu alikuwa chali chini ya gari. Oili chakavu ilikwisha kumwagika kwenye beseni, naye akaona kwamba washa ya shaba, ile pete nyembamba inayoziba boliti isivuje, imebonyea. Akaishikiza boliti ya tundu la oili kwa vidole, bila washa, ili vumbi lisiingie, akikusudia kutoka na kuchukua washa mpya sandukuni. Upande wa pili wa ukuta mchomelea vyuma alikuwa akisaga chuma, na mlio wake ulitoboa masikio.

Bwana Usiguse, akiwa ameinama mbele chini ya boneti iliyonyanyuliwa, akauliza kwa sauti, "Kaka, umefunga?"

Wakati huohuo mkewe alichutama ubavuni mwa gari, mahali ambapo mumewe hakuweza kumwona, akasogeza kikombe. "Shemeji, chai yako hii, isipoe."

"Nimefunga," likatoka jibu chini ya gari.

Fundi Taratibu hakulisikia swali la ndugu yake. Alimjibu shemeji yake, kwamba ana saumu. Akajitoa chini, akanawa mikono bombani, akaingia ndani kuswali alasiri. Lakini mdogo wake aliyasikia maneno mawili, "umefunga" na "nimefunga", swali na jibu lake, kama walivyozoea miaka yote. Akamimina oili mpya.

Simu ikalia. Alikuwa daktari wa meno.

"Wewe Usiguse, unakuja au nikupe kibali cha mgonjwa?"

"Nakuja."

"Njoo basi kabla jino halijaoza lote. Foleni ni fupi, na mimi nina njaa."

Kuna watu ambao ukiwatukana hufikiri, na wengine hukimbia. Mkata vioo hakumsubiri kaka yake atoe salamu ya mwisho ya sala yake. Hakulala chini, hakuwasha tochi. Aliteremsha jeki, akafunga boneti, akaondoka. Fundi Taratibu aliporudi uani alikuta beseni, kikombe kilichopoa, na mahali patupu palipokuwa na gari. Na mkononi alishika washa mpya ndani ya karatasi yake.

Alipiga simu mara sita. Mara zote sita Bwana Usiguse aliliona neno "Kaka" kwenye kioo cha simu. Mara ya sita aliifunika simu juu ya kiti, kifudifudi, kama mtu amfunikaye maiti uso.

Kule uwanjani magari mawili yakasimama sambamba. Bendera ikashuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake mkata vioo alimwona daktari wa meno kwenye kioo cha nyuma, akizidi kuwa mdogo, na moyo wake ukajaa furaha asiyoipata siku ya harusi yake. Katika furaha hiyo sindano ya geji ya oili ikayumba, ikaanguka sifuri. Aliiona. Akajiambia kuwa geji ni ya zamani na huenda inadanganya. Akakanyaga mafuta zaidi.

Injini iliyo bila oili haifi kwa heshima. Ilipiga yowe, kisha ikagonga mara tatu kama mtu anayebisha mlango kwa nyundo, kisha chuma kikapasuka ubavuni mwake na kutoka nje pamoja na moshi. Gari likateleza, likasimama mita arobaini kabla ya mstari. Daktari wa meno akalipita polepole, kioo kimeteremshwa, akipunga mkono kama bibi harusi.

Watu wakaja mbio. Walipoona hakuna aliyeumia, huruma yao ikaisha.

"Bwana Usiguse, leo turuhusu tuguse kidogo!"

"Guseni, guseni! Maiti haikatazi!"

Mmoja akaweka kiganja chote juu ya boneti, wenzake wakafuatia, hata watu ishirini wakawa wanalipapasa gari lile kama ng'ombe wa mnada. Wakaliinua kwa jeki, daktari wa meno akachungulia chini, akaona tundu tupu mahali pa boliti. "Ndugu," akasema, "hili jino halikung'olewa. Limedondoka lenyewe. Nani fundi wako?"

Na kama kwamba ameitwa, Fundi Taratibu akashuka kwenye pikipiki ya kukodi, mavumbi kichwani, midomo imemkauka, washa ya shaba ndani ya ngumi. Hakuhitaji kuambiwa. Alipiga magoti, akatazama tundu.

"Nilikuwa sijafunga," akasema. "Nilishikiza tu. Nilipiga simu…"

"Hujafunga?" Mdogo wake alimkamata ukosi. "Nilikuuliza, ukanijibu kwa mdomo wako: nimefunga! Nilikuuliza au sikukuuliza?"

Mzee akayatafuta maneno hayo katika kumbukumbu yake, asiyaone. Lakini alijua macho yake yanamwacha. Mbona na kumbukumbu isimwache? Akamtazama mdogo wake, mtoto aliyemlea kwa mikono yake, na hakuweza kuamini kwamba mtu huyo angesema uongo.

"Huenda nilisema," akajibu. "Kama wasema nilisema, basi nilisema."

"Mmesikia wenyewe!" Mkata vioo akaugeukia umati. "Huyu ndiye fundi mnayempelekea magari yenu! Mikono imekufa, macho yamekufa, kilichobaki ni ndevu. Nenda nyumbani ukahesabu tasbihi, spana waachie wanaume."

Hata waliokuwa wakicheka wakaondoa mikono yao kwenye gari. Lakini waliyasikia, na wengi wao walikuwa wateja wa mzee. Ulimi hauna mfupa, ila huvunja mifupa. Wiki ile gari moja tu lililetwa chini ya bati, na mwenyewe akarudi kulichukua kabla halijaguswa.

Jumapili mke wa mkata vioo alimkuta mumewe amekaa uani, akiutazama ubavu uliopasuka wa injini.

"Shemeji hakukujibu wewe," akamwambia.

"Nini?"

"Siku ile. Nilimpelekea chai, akasema amefunga. Saumu. Sikujua kuna mabishano ya boliti mpaka leo nilipoyasikia bombani kwa majirani. Alipokuwa akinawa aliniambia amefunga ili akuombee urudi salama, kwa sababu wewe huwa unaendesha kama mtu asiye na watoto."

Yote yalimjia mkata vioo kwa utaratibu: boneti iliyomziba macho, mlio wa chuma, jeki aliyoiteremsha kabla ya wakati, simu aliyoifunika. Hakubaki na hata kipande kimoja cha kosa cha kumpa mwingine.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi maneno haya yasivuke mlango huu."

"Baba Watoto, yule mzee hali chakula."

"Nimesema yasivuke!" Akapiga ngumi juu ya gari lake mwenyewe, bati likabonyea. "Unataka watu waseme nini? Kwamba niliua injini kwa mikono yangu, kisha nikamtukana kaka yangu bure mbele ya halaiki? Bora wamcheke yeye. Yeye ni mzee. Mzee hachekwi kwa muda mrefu."

Mkewe akamtazama jinsi mtu anavyotazama mkate ulioota ukungu, akaingia ndani.

Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, Fundi Taratibu alibisha hodi. Alivaa kanzu safi, kama mtu aendaye kwenye mazishi au kuposa, na begani alibeba sanduku la spana la baba yao. Hakukubali kukaa kwenye kiti. Alikaa kwenye mkeka, chini ya mdogo wake, na uzito wa sanduku ulipogusa sakafu, vyuma vikalia ndani.

"Mdogo wangu," akasema, "sina injini ya kukulipa. Nina hiki. Baba aliniachia, na mimi nakuachia wewe. Nimekuja kukuomba radhi. Nisife na kinyongo chako juu yangu. Wiki hii sikuweza kusali sala iliyotulia. Kila nikisujudu naliona lile tundu."

Mke wa mkata vioo alisimama mlangoni mwa jiko, mkono mdomoni. Alimtazama mumewe. Muda ulikuwapo. Neno moja lingetosha, na lilikuwa fupi kuliko pumzi.

Mkata vioo akakohoa, akarekebisha ukosi wa shati lake.

"Nimekusamehe, kaka," akasema.

Mzee akalia. Akaushika mkono wa yule ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kutembea, akaubusu mara mbili, akamwombea umri mrefu na kizazi chema. Mke wa mkata vioo alirudi jikoni na kuufunga mlango.

Bwana Usiguse akalivuta sanduku, akalifungua, akaanza kuzipanga spana kwenye mkeka kwa ukubwa wake, moja baada ya nyingine, kama alivyofundishwa. Alipofika katikati akasimama, akakunja uso.

"Namba kumi na saba haimo."

"Nilimwazima mchomelea vyuma," mzee akasema kwa aibu, akijifuta macho kwa ncha ya kanzu. "Nilisahau, nisamehe na hilo pia. Nitakuletea kesho."

Na kesho yake, kabla mtaa haujafungua milango, akaileta.