Sonara Daudi Hakuwahi Kuishi Nizwa

Nimesema uwongo mbele ya wageni waliotoka mbali, tena nimeusema nimesimama kwenye mlango wa mama mkwe wangu, na yeye mwenyewe yumo ndani anafagia. Jina langu usiniulize. Hapa Nizwa tunajuana, na walionicheka hadi sasa wanatosha.

Kazi yangu ni kutembeza wageni. Wazee wangu ni watu wa Unguja waliorudi Omani, kwa hiyo nyumbani tumekulia Kiswahili, na kazini natumia Kiarabu na Kiingereza. Nawapeleka wageni ngomeni, nawapitisha soko la mbuzi siku ya Ijumaa, wanaonja halwa, kisha tunaingia mtaa wa zamani wenye nyumba za udongo. Naipenda kazi yangu. Tatizo ni kwamba ilinifanya nijione, na mtu akishajiona haoni anapokanyaga.

Siku moja bosi alinipigia simu. Kuna kikundi cha Mayahudi kutoka nchi mbalimbali, wanataka kutembezwa kwa miguu na kuelezwa habari za Mayahudi walioishi Omani zamani. Akaniuliza kama Nizwa kuna chochote cha kuwaonesha.

Jawabu la kweli lilikuwa "sijui". Nilikuwa nimesikia kwa watu wazima kwamba Maskati na Suhar walikuwapo zamani, watu wa biashara, na kwamba huko Suhar yalikuwapo hata makaburi yao. Habari za Nizwa sikuwa nazo. Lakini ofisini kwetu kuna mwenzangu, nimwite Salum, ambaye hajapata kuulizwa swali akakosa jawabu. Nikaona nikisema sijui, wageni watapewa Salum. Nikamwambia bosi kwamba vitu vipo, tena vingi.

Jamani, vingi!

Jioni ile nilikaa na simu yangu nikasoma. Nikakuta kwamba Mayahudi huweka kwenye mwimo wa mlango kijaluba chenye maandiko yao. Papo hapo nikaukumbuka mlango wa nyumba ya zamani ya wakwe zangu. Mwimo wake wa kulia una kijishimo kirefu, ambamo marehemu baba mkwe alikuwa akichomeka mswaki wake wa mti. Basi, shimo nilishalipata, nikabakisha kumtafuta mtu. Nikamtunga Daudi, sonara, fundi wa fedha, aliyewafulia watu wa mkoa wetu huu wa Dakhiliya majambia na vikuku. Nikampa na tabia kabisa: mpole, mkarimu, hapunji mtu kwenye mizani. Nilipolala, nilikwisha kumpenda.

Asubuhi wageni wakaja. Watu wazima wenye adabu, wanasikiliza mtu anaposema. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kamera kubwa iliyomning'inia kifuani, na bibi mmoja mzee aliyetembelea fimbo, wakimwita Hana. Bibi Hana hakusema sana. Njia nzima alikuwa akigusagusa kuta za udongo kwa kiganja.

Nilianza kwa tahadhari. Kisimani nikasema "inasemekana". Kwenye ukuta uliobomoka nikasema "wengine husema". Tulipofika mlangoni kwa wakwe zangu, hayo maneno ya kujikinga yalishanitoka. Nikatangaza kwamba hapa ndipo alipoishi Daudi, na kwamba alipohama aliwauzia nyumba watu waliopo sasa. Halafu nikakionesha kijishimo.

Wakausogelea mwimo. Bwana wa kamera akapiga picha mfululizo na kuzirusha hapo hapo kwa jamaa zake. Mama mmoja akafuta machozi. Bibi Hana akapeleka kidole chake pale kwenye mwimo, akakipitisha juu mpaka chini, taratibu. Nilihisi kitu kama mwiba kikinichoma rohoni, lakini sikukijali, nikaendelea kueleza jinsi Daudi alivyokuwa akikaa barazani.

Mlango ukafunguliwa.

Nyumba ile haikai mtu siku hizi, ila mama mkwe wangu, Bi Nasra, huenda asubuhi kulisha mbuzi na kufagia. Hupenda kufanya mwenyewe. Akasimama kizingitini, kanga kiunoni na fagio mkononi, akamtazama mtu mmoja mmoja. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili hawa ni nani, na kwa nini wanaupapasa mlango wake.

Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa shingo upande. Nikamwambia harakaharaka, huku nikitabasamu kwa ajili ya wageni, kwamba hawa hawajui Kiswahili, nimewaambia nyumba hii ilikuwa ya sonara wa Kiyahudi, na kwa hisani yake acheke tu.

Hakucheka.

"Nyumba hii kaijenga baba yake mume wangu," akasema. "Kidole chake kimoja kilikatikia kwenye boriti ya dari ile. Leo wewe umempa nani?"

Wageni wakaniuliza mama anasemaje. Nikawaambia anasema karibuni sana, na kwamba familia yake inamkumbuka Daudi kwa heshima.

Mama akaendelea. Akasema binti yake aliposwa na mtu wa Bidiya mwenye ngamia na shamba la mitende, akakataa, akanichagua mimi kwa kuwa nina maneno mazuri, na haya ndiyo maneno yenyewe. Nikafasiri kwamba Daudi alikuwa na marafiki Bidiya, watu wa ngamia na mitende. Akasema mimi ni mvivu, hata bomba la jikoni kwake nimeahidi kulitengeneza tangu watoto wangu hawajaota meno. Nikafasiri kwamba Daudi alikuwa fundi hodari ambaye watu walimngoja muda mrefu. Bibi Hana akashikwa na kikohozi, akajifunika mdomo kwa leso. Nikadhani ni vumbi la fagio.

Lakini mama yangu yule ni mtu wa Malindi, Unguja. Mgeni akishafika mlangoni harudishwi bila kahawa, hata kama kaletwa na mwizi. Akawakaribisha ndani, akawatandikia mkeka, akaleta tende na kahawa, na kila aliponipitia mimi akanipa kikombe bila kunitazama.

Ningenyamaza pale, pengine mambo yangeisha. Ila bwana wa kamera akauliza kile chumba cha nyuma kilikuwa cha nini. Na mimi, ulimi umeshazoea kuteleza, nikasema ndimo Daudi na wenzake walimokuwa wakisali.

Mama akaniuliza nimesema nini. Nikamfasiria. Akaliweka deli la kahawa chini.

"Mle wanalala mbuzi," akasema polepole. "Tangu nimeolewa wanalala mbuzi. Nyumba yangu umeigawa, nimekustahi kwa kuwa una wageni. Lakini ibada ya watu usiifanyie mchezo. Hawa wana Mungu, na wewe unaye. Waambie."

Nikachukua tende nyingine. Ndipo Bibi Hana alipokiweka kikombe chake, akamgeukia mama, akasema kwa Kiswahili:

"Asante, dada. Kahawa yako ni nzuri sana. Na mimi nimesikia yote, tangu pale kwa mlango."

Ewe ndugu yangu unayesoma, umewahi kutamani udongo upasuke? Mimi niliutazama udongo wa sakafu ile, nikauomba.

Kumbe Bibi Hana kazaliwa Nairobi na kukulia huko, Kiswahili kalelewa nacho na yaya. Mama mkwe aliduwaa kidogo tu. Kisha akasogea karibu yake kwenye mkeka kama waliokuwa wakingojana. Jambo la kwanza alilomwambia ni kwamba Unguja hatusemi "kwa mlango", tunasema "mlangoni". La pili, akamwomba radhi kwa ajili yangu. Bibi Hana akasema hakuna neno, na kwamba habari ya bomba la jikoni imempendeza kuliko ya Daudi.

Halafu akanigeukia mimi. Akanieleza kwamba kwao inasimuliwa kuwa babu wa baba yake alitoka Baghdad, akakaa Omani kabla ya kuendelea na safari zake, na hakuna ajuaye alikaa mji gani wala kazikwa wapi. Hakutegemea kupata kitu. Alitaka tu asimame mahali, ajue kwamba pengine yule mzee alipita hapo. "Pale mlangoni," akasema, "nilikuamini kidogo. Mpaka mama alipotoka." Hakusema kwa hasira. Afadhali angenipiga kwa ile fimbo.

Akataka niwaambie wenzake mwenyewe. Nikasimama, nikawaambia kwa Kiingereza: Daudi hakuwapo, shimo ni la mswaki, chumba ni zizi, na nyumba imejengwa na baba yake marehemu baba mkwe wangu. Mama aliyelia mlangoni akatoka nje, asirudi mpaka tulipoondoka. Bwana wa kamera akaniuliza afanye nini na picha ambazo zimeshafika kwa ndugu zake na ndugu zake wameshazisambaza.

Bosi alinitoa kwenye matembezi ya mjini. Sasa naendesha gari, nawapeleka wageni kambini kwenye mchanga wa Bidiya, na nimekatazwa kueleza chochote zaidi ya saa ya chakula. Nyumbani, mama mkwe hakusema nami kwa muda mrefu. Alikuwa akimwambia mke wangu, nami nimekaa pale pale, "Mwambie sonara chai iko tayari." Wanangu wakalidaka. Hata jirani sasa ananiita Sonara.

Siku ile ile nilikuwa nimemwomba Bibi Hana jambo moja, nimpeleke Suhar, penye zile habari za makaburi, kwa gari langu siku ya mapumziko, kabla hajaondoka. Akakubali kwa sharti mama naye aje. Njia nzima wale wawili walikaa nyuma wakizungumza habari za mapishi na magoti yao, mimi mbele kama dereva wa harusi. Kule nikauliza wazee, safari hii kwa masikio, bila mdomo. Mmoja akatuonesha kiwanja kitupu, akasema alisikia kwa baba yake kwamba makaburi yalikuwa upande huo, ila yeye hana hakika. Jiwe hatukuliona hata moja.

Bibi Hana akaniuliza, "Ni hapa?"

"Sijui," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa kitu. Akasimama pale peke yake na fimbo yake, akasoma maneno ya dini yao kwa sauti ndogo. Mama akasimama pembeni, mikono ameifungua, akiwaombea rehema wote waliolala asiowajua. Mpaka leo wanatumiana ujumbe wa sauti, na mama bado anamsahihisha Kiswahili.

Ungedhani yameisha. Juzi nilipita mtaa wa zamani kumletea mama majani ya mbuzi. Nikamkuta Salum na kundi la watalii mlangoni petu. Anawaeleza habari za Daudi! Alizikuta kwenye mtandao, na kaziongeza: Daudi sasa ana mke, anaitwa Sara, na mtoto mmoja aliyekufa maji kwenye falaji, ule mfereji wa kumwagilia mitende. Mke wa sonara wangu, na mimi sina habari.

Sikuweza kuvumilia. Nikawaambia wageni wale kwamba hayo ni ya uwongo, hakukuwa na Daudi, nimemtunga mimi mwenyewe. Bwana mmoja akanitazama mimi, akautazama mzigo wa majani niliouchukua kichwani, akaniambia kwa upole kwamba nisiudhike, lakini historia ya mji huu ni vizuri tuwaachie wanaoijua.

Kwa hiyo wewe mwenye kazi ya ulimi kama yangu, nakuomba. Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, hata kama Salum amesimama karibu. Uwongo niliutunga kwa jioni moja nimekaa na simu. Kuufuta najaribu mpaka leo, na hakuna anayeniamini.