Pigo Kubwa la Wakuru

Sisi tuliokulia Bweri, pale Musoma, wakati bado ni mashamba ya muhogo na mawe, kabla ya haya mabati ya rangi kumaliza nafasi yote, hatukuwa na shida ya michezo. Tulicheza rede, kombolela, mdako wa vikokoto, na nyuma ya choo chetu kulikuwa na mwamba tulioupanda na kuteleza mpaka kaptula zikatoboka makalioni. Watoto wa siku hizi wakisikia hatukuwa na umeme wanatuonea huruma, utadhani tulikaa tu tukisubiri simu zigunduliwe. Ukweli ni kwamba kuchoka kwa kukosa cha kufanya nimekujua ukubwani.

Ila mchezo ninaoukumbuka kuliko yote haukuwa wa kukimbia. Ulikuwa wa kukaa chini na kujumlisha.

Uliletwa na kaka yangu Magesa. Shuleni kwao, sekondari, alikuwepo mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, na alipomaliza muda wake aliwagawia wanafunzi vitu vyake. Wenzake walipata viatu, redio, chandarua. Magesa akarudi na kitabu kinene kisicho na jalada, kimejaa picha za majoka na watu wenye masikio marefu, kurasa kadhaa zimechanika. Baba alimuuliza kama viatu vilikuwa vimeisha. Mama, aliyekuwa anaanua dagaa uani, aliiona picha ya joka akasema, "Magesa, usiniletee mashetani ya Kizungu. Humu ndani tunasaliga."

Magesa alijifungia na kamusi likizo ilipoanza, kisha akatueleza. Ni hadithi, lakini mnaicheza. Kila mmoja anakuwa mtu fulani ndani yake. Msimulizi anasema mmekutana na nini, wewe unasema unafanya nini, halafu dadu inaamua kama umeweza. Kitabu kilitaka dadu za ajabu, nyingine zina pande ishirini. Sisi tulikuwa na dadu moja ya ludo, nayo kona yake ilitafunwa na mbuzi. Rafiki yetu Rashidi, ambaye baba yake alikuwa na duka la soda mtaa wa Mukendo, akatuletea mfuko wa visoda, vile vifuniko vya chupa. Tuliandika namba ndani ya kila kisoda, tukavigawa kwenye vikombe vya bati, ukawa unafumba macho na kuchomoa.

Kikombe kikubwa kilikuwa na visoda ishirini. Ukichomoa namba ndogo umekosa, ukichomoa kubwa umepata, ukichomoa ishirini yenyewe silaha yako inahesabiwa mara mbili. Silaha nazo zilikuwa na vikombe vyao: kisu namba moja mpaka nne, shoka moja mpaka nane. Juu yake unaongeza nguvu za mkono wako. Jumla hiyo ndiyo pigo, na pigo linapunguza uhai wa adui. Mama alipita akatusikia tukisema nane na tatu, kumi na moja. Akasimama kidogo na ungo wake, akasema angalau mashetani haya yanajua hesabu, akaendelea na kazi zake.

Mimi nilikuwa mbilikimo fundi chuma mwenye shoka. Rashidi alikuwa mrusha moto. Kitabu kilimwita mchawi, lakini jina hilo tusingeweza kulitamka karibu na jiko la Mama. Mdogo wetu Mugeta, ambaye hata shule hajaanza, tulimpa kazi ya kushika mwenge ili asilie. Na Wakuru akachukua kilichobaki, yaani mnyemelezi mwenye kisu.

Wakuru alikuwa binti wa mjomba wangu wa Mwitongo, kule Butiama. Mama yake alipofariki aliletwa kwetu, tukawa tunalala kitanda kimoja na kusoma darasa moja. Alikuwa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa kuongea. Daftari zake alizitunza kwenye mfuko wa nailoni, ukizigusa bila kunawa anakuangalia tu, unaziacha mwenyewe. Likizo ile, tukiwa nyuma ya jiko, tulisikia wakubwa wakisema kwamba mjomba anakuja kumchukua moja kwa moja. Miguu ya bibi kule Mwitongo ilikuwa imekataa, alihitajika msichana wa kumpikia, kumwogesha na kumchotea maji. Shule haikutajwa, na sote tulielewa maana ya kutotajwa kwake. Wakuru alikuwa anamenya muhogo. Aliendelea kumenya. Mimi ndiye niliyelia.

Siku za mwisho za likizo Magesa akatuletea joka. Lilikaa kisimani, kijiji kizima hakipati maji, na uhai wake ulikuwa arobaini. Rashidi alitaka kulivamia papo hapo. Wakuru akakataa. Aliokota kijiti, akauliza, "Magesa, visoda vyote vikinikubali, pigo langu kubwa kabisa linafika ngapi?"

Alihesabu mwenyewe chini kwenye vumbi. Kisu, namba ya juu ni nne. Akipata ishirini, mara mbili, nane. Nguvu za mkono wake, moja. Tisa. Akafuta kwa kiganja, akahesabu upya, ikaja tisa.

"Nikibahatika kote kote, tisa," akasema. "Lenyewe lina arobaini."

"Utalipiga mara tano," nikamwambia.

"Likinipiga mara moja nimekufa, Nyafuru."

Tulimtazama Magesa. Ukurasa wa kusaidiana, kama ulikuwepo, ulikuwa miongoni mwa zile zilizochanika. Hapo nikakumbuka likizo zetu za Butiama, kwa bibi. Kaya moja ikizidiwa na shamba, inaitwa risaga: majirani wanakuja na majembe yao, wanalima kwa nyimbo mpaka shamba linaisha, mwenye shamba anapika chakula na togwa, na hakuna anayeuliza tuta hili nani kalilima. Shamba linahesabika la mwenyewe. Nikasema, kwa nini Wakuru asiite risaga? Anapiga yeye, sisi tunaongeza zetu juu ya yake, linakuwa pigo lake moja.

Magesa alikuna kichwa. "Kitabu hakijakataza," akasema, na kwa kitabu kilichochanika vile hilo lilikuwa kweli.

Wakuru akarudi kwenye vumbi. Tisa yake. Shoka langu nane na nguvu tatu, kumi na moja, maana mara mbili tulikubaliana ni ya mwenye risaga tu. Rashidi aliruhusiwa kuchomoa mara tatu kwenye kikombe cha namba moja mpaka sita, kwa hiyo akibahatika, kumi na nane. Thelathini na nane. Tukaiangalia hiyo mbili iliyopungua. Halafu Mugeta, tuliyekuwa tumemsahau na mwenge wake, akasema, "Mimi nina jiwe." Magesa akamkadiria jiwe namba moja au mbili. Arobaini kamili. Sijawahi tena kufurahia hesabu kiasi kile, hata siku nilipoajiriwa benki.

Tukalivamia joka. Wakuru akachomoa kikombe kikubwa: akapata, lakini si ishirini. Kisu kikampa tatu, na nguvu yake moja, nne. Mimi nikachomoa mbili tu, jumla tano. Moto wa Rashidi ukatoa nne, moja na tatu, yaani nane. Jiwe la Mugeta, moja. Kumi na nane zote. Joka likabaki na uhai ishirini na mbili, likazungusha mkia, likatutawanya. Rashidi alikipiga kikombe teke. Mimi nilimwangalia Wakuru nikijua sasa atalia, na Magesa alijifanya anatafuta ukurasa.

Wakuru alikuwa anatabasamu. "Lakini ilikuwa inawezekana," alisema. "Ile tisa ilikuwa haiwezekani hata nikibahatika vipi. Hii ya leo tumekosa tu."

Mjomba akafika kesho yake mchana, na kiroba cha viazi vitamu na jogoo. Mama alisonga ugali wa muhogo na mtama, akapika sato. Wakala wakamaliza. Wakuru alikuwa amesimama na jagi akiwanawisha mikono wakubwa, mjomba akamwambia, kwa upole tu, "Haya mwanangu, funga vitu vyako."

Sisi wengine tulikuwa mlangoni. Enzi zile mtoto hakuongea sebuleni wakubwa wakiwa na mgeni, hata kama nyumba inaungua ungekwenda kumnong'oneza mama yako kwanza. Wakuru akaliweka jagi chini.

"Baba, nimejumlisha," alisema. "Bibi anatakiwa kuinuliwa, kuogeshwa, kupikiwa. Kuna maji ya kisimani, kuna kuni. Mimi peke yangu, hata nijitahidi mpaka mwisho wa nguvu zangu, sifiki. Nikiwa kisimani bibi ataanguka nyumbani na hakuna wa kumsikia. Bora aje huku. Huku Magesa atamwinua, mimi na Nyafuru tutampikia na kumwogesha, shangazi yupo. Tutafika."

"Na mimi nitamletea maji kwenye kikombe," Mugeta akasema kutoka mlangoni.

Mjomba aliinuka nusu. "Nani kakufundisha kujibizana na wakubwa?"

"Kaka, kaa," Mama akasema. "Mtoto hajajibu mtu. Amehesabu. Na wewe hesabu basi, kama atakuwa amekosea tumwambie."

Mjomba alikaa. Alianza kunawa tena mikono iliyokwisha kunawishwa, taratibu, kidole kimoja kimoja, na nikaona macho yake yamejaa maji. Bibi alikuwa mama yake, na nadhani alikuwa ameogopa peke yake kwa muda mrefu. Mwishowe akasema kwamba mama yake hatakubali kutoka Mwitongo. Baba akamjibu kuwa hilo waende wakalisikie kwake mwenyewe.

Bibi alikataa kweli, akakataa tena, kisha akaja kwa pikapu na vyungu vyake vyote, akilalamika kuwa maji ya Musoma yananuka furu, vile visamaki vya ziwani. Alichukua chumba tulichochezea. Tulipomsimulia habari za joka alituuliza watu gani hao wanaacha joka kisimani wanakwenda kula. Aliishi nasi mpaka mimi na Wakuru tukaingia sekondari, na hakuanguka hata siku moja.

Mwaka huu mtoto wa Magesa alikuja kwangu Mwanza likizo. Kumbe naye anacheza michezo ya namna ile, kwenye simu, na wenzake ambao hajawahi kuwaona uso kwa uso. Alinionyesha mtu wake aliyemtengeneza kwa miezi, mapanga mawili, mabawa, sijui nini. Simu ndiyo inamhesabia. Yeye anabonyeza tu. Pigo lake kubwa linavuka mia. Nikamuuliza anapiga na nani.

"Peke yake, shangazi. Ndiyo uzuri wake. Ukitegemea wenzako wanakuangusha."

Nilimweleza kuhusu risaga. Alicheka mpaka akaiweka simu chini, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu afike. "Shangazi, hiyo sheria haipo. Nyinyi mlikuwaga mnaiba." Inawezekana. Nilimpa chai na viazi, akala kwa mkono mmoja.

Lakini siwezi kumcheka sana, maana sasa ni zamu ya Mama. Miguu yake imekataa, pale pale Bweri. Tulijadiliana kwenye kikundi cha familia simuni. Magesa yuko Dar, ana mradi. Mugeta yuko mgodini Geita, ruhusa ni ngumu. Mimi nina benki yangu na mikutano yangu. Kila mmoja aliandika anampenda Mama, akaweka mikono ile ya kuomba. Wakuru, ambaye ni mwalimu wa hesabu Bunda, hakubishana na mtu. Aliandika tu, "Shangazi nimeshamchukua. Yuko kwangu."

Nilikwenda Bunda Jumamosi moja bila kutoa taarifa. Nilimkuta Wakuru chumbani akimwinua Mama kitandani, mkono mmoja mgongoni, mwingine chini ya magoti, jasho linamtoka. Nikamuuliza kwa nini hakutuita.

"Mko mbali, Nyafuru," alisema, bila kinyongo chochote, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Enzi zetu hakuna aliyekuwa mbali. Ulikuwa unaita tu, ua unajaa. Nilishika upande wa pili, tukamwinua Mama pamoja, tukamwogesha, tukampikia, tukacheka kama zamani. Jumapili jioni nikapanda basi kurudi Mwanza, Wakuru akabaki na tisa yake.